Kuku hawakui, hawatagi, miguu imepinda: angalia mfuko wa chakula kabla hujanunua dawa

Wafugaji wengi tukiona kuku wamezubaa au mayai yamepungua, mbio mpaka duka la dawa za mifugo, unarudi na oksitetra (antibayotiki) na pakiti ya vitamini, unamwaga kwenye maji siku tano, hamna kinachobadilika, unarudi tena unapewa kali zaidi. Hela inaisha hivyo hivyo. Na mara nyingi sana shida iko kwenye chakula, ila chakula kibovu kina tabia ya kuchelewa kujionyesha: kifaranga aliyepinda miguu leo anakuonyesha alichokula wiki mbili tatu nyuma, kwa hiyo ukikagua alichokula jana hutaona kitu utaanza kusingizia ugonjwa au mbegu mbaya.

Kwa hiyo kabla ya dawa jibu kwanza haya: kuku wana wiki ngapi (sio "wamekua kiasi", wiki ngapi), mfuko wanaokula ni wa aina gani na ulianza lini, ni wa kununua au umechanganya mwenyewe, na kwa siku wanamaliza kilo ngapi. Ukishayaandika hayo kwenye karatasi nusu ya kazi imeisha.

Umri na chakula chake

Kuku wa mayai, yaani akina Isa Brown, Lohmann na Hy-Line, wanaanza na stata (chakula cha vifaranga) siku ya kwanza mpaka wiki ya 8, protini asilimia 18 hadi 20. Kuanzia hapo groa (chakula cha kukuzia) mpaka wiki ya 16 au 18, protini inashuka mpaka 15 au 16 na kalsiamu ni kama asilimia 1 tu. Wiki mbili hivi kabla ya yai la kwanza wanaoweza wanawapa chakula cha kati chenye kalsiamu asilimia 2 hadi 2.5, halafu wakianza kutaga ndio leya (chakula cha wanaotaga), protini 16 hadi 18 na kalsiamu 3.5 mpaka 4. Hiyo kalsiamu ishikeni, ndiyo inayoua na kuokoa kuliko kitu kingine chochote humu.

Broila, kuku wa nyama, ni mbio fupi: stata yao ina protini 21 hadi 23 kwa wiki mbili mpaka tatu za kwanza, halafu finisha (chakula cha kumalizia) 18 hadi 19 yenye nguvu nyingi mpaka unauza. Stata ya broila na stata ya kuku wa mayai sio kitu kimoja hata kama mifuko inafanana rangi, soma maandishi.

Chotara, Kuroiler na Sasso, unawalea kwa ratiba inayokaribia ya kuku wa mayai, majogoo unawauza mapema. Wa kienyeji wanaojitafutia wenyewe nje hawahitaji hesabu yote hii, ila hata hao ukiwapa vifaranga stata wiki nne mpaka sita za mwanzo vifo vinapungua wazi kabisa.

"Wiki ya tatu hii na bado wadogo" au "wengine wakubwa wengine vibonge vidogo"

Angalia kwanza joto la bruda (sehemu ya kulelea vifaranga) na nafasi kwenye vyombo, maana kifaranga anayetetemeka hali chakula, na mnyonge anasukumwa na wenzake. Kama hapo pako sawa, twende kwenye chakula.

Kama ni broila na unawapa stata ya kuku wa mayai, umeshapata jibu, protini haitoshi. Kama umechanganya mwenyewe, mtuhumiwa wa kwanza ni dagaa. Dagaa wa kusaga wanaouzwa kwa kilo wanaongezewa mchanga, wakati mwingine sio kwa makusudi, wameanikwa chini tu ufukweni. Chukua glasi ya maji, weka kijiko kimoja cha dagaa wa kusaga, koroga, subiri dakika chache. Mchanga unatua chini kabisa na unauona kwa macho, ukiusugua kwa kidole unakwaruza. Ukiona kitako cha glasi kimejaa safu nene ya mchanga, jua kilo kumi ulizolipia hazifiki kilo kumi za dagaa, na hesabu yako yote ya karatasini imeharibika.

Mtuhumiwa wa pili ni soya mbichi. Soya isiyopikwa ina kitu kinachozuia kuku asimeng'enye protini, anakula anashiba na hakui, na kinyesi kinakuwa cha maji maji. Lazima ikaangwe au ichemshwe ndio isagwe. Itafune punje mbili: iliyoiva vizuri ina ladha ya karanga za kukaanga, mbichi ina ile ladha ya maharage mabichi inayobaki ulimini. Na usiiunguze pia, ikiwa nyeusi protini imeharibika.

Wa tatu ni pumba. Pumba laini za mahindi ni sawa kwa kiasi, lakini zile za mpunga zenye maganda makali ni nyuzi tupu, kifaranga anajaza tumbo na hapati kitu. Hivyo hivyo mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa na maganda yake, hayo waachie wakubwa na hata wao usizidishe.

Kuhusu wanaotofautiana ukubwa, chunguza kama chakula kimesagwa sawa. Ukiacha chenga kubwa za mahindi, wenye nguvu wanadonoa chenga, wanyonge wanabaki na unga wa chini, na ule unga ndio wenye premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) yote! Yaani wote wamekula vibaya, kila mmoja kwa namna yake.

Miguu

Hapa usiite yote "kupooza", angalia mguu wenyewe, kila aina ina sababu yake.

Vidole vimejikunja kwa ndani, kifaranga anatembelea vifundo: huyo kakosa vitamini B2. Inatokea sana kwa wanaochanganya chakula bila premiksi au wenye premiksi iliyokaa dukani juani. Ukiwahi, vitamini kwenye maji inawarudisha. Ukichelewa mishipa imeshaharibika, hata umpe nini hanyooki.

Mifupa laini, miguu inapinda nje, na ukishika mdomo wa juu wa kifaranga ukaubonyeza taratibu unapinda bila kuvunjika: hayo ni matege, kalsiamu, fosforasi au vitamini D3 haviko sawa. Unakuta mtu kaweka chokaa ya kutosha lakini hajaweka DCP (dikalsiamu fosfeti, unga wa kuongeza fosforasi) wala unga wa mifupa, kalsiamu ipo fosforasi hamna, na hivyo viwili vinaenda pamoja. Vifaranga waliofungiwa ndani bila jua kabisa wanahitaji D3 kwenye premiksi, wakipata jua la asubuhi ni nafuu kubwa.

Kifundo kimevimba na mshipa wa kano umehama pembeni, mguu mmoja umegeukia kando: manganizi (madini) au kolini (kirutubisho kama vitamini) haitoshi, tena ni mambo ya premiksi. Aliyeshateguka hivyo hatapona, unarekebisha chakula kwa ajili ya waliobaki.

Broila wazito wa wiki ya nne au tano wanaokaa chini tu, hapo mara nyingi uzito umeshinda miguu.

Ila kuku wa zaidi ya mwezi na nusu ambaye mguu mmoja umeenda mbele mwingine nyuma, usihangaike na mfuko. Huo unaweza kuwa Mareksi, ugonjwa wa virusi, chanjo yake inachomwa siku ya kwanza kiwandani vifaranga wanakototolewa, ulizia ulikonunua vifaranga.

Wanadonoana

Wanaanza na manyoya ya mkia, wanatoa damu, na damu ikionekana wote wanaifuata. Sababu za chakula ni protini ndogo, methionini (sehemu muhimu ya protini) ndogo, au chumvi imesahaulika. Chumvi inatakiwa kama gramu 300 kwenye kilo 100 za chakula na watu wengi wanaiacha kwa kuogopa, wakati kuku asiye na chumvi anatafuta ladha kwa mwenzake. Sababu zisizo za chakula ni msongamano, mwanga mkali na vyombo vichache. Mtoe aliyejeruhiwa leo leo, wengine waning'inizie majani ya mchicha au kabichi juu kidogo wawe na kazi, halafu rudi kwenye mchanganyiko. Ukikata midomo bila kurekebisha chakula umeficha dalili tu.

Tetea wamefika umri, hawatagi, au wanakufa mmoja mmoja

Hili ndilo linaloniudhi zaidi, sababu linatokana na ushauri wa mitaani: "wape leya mapema wiki ya 10 watage haraka". Hawatagi haraka. Leya ina kalsiamu karibu mara nne ya inayotakiwa na tetea wa umri huo, hana ganda la kutengeneza, kwa hiyo mzigo wote unaenda kwenye figo. Kuku anaonekana mzima miezi kadhaa, halafu akianza kutaga au akifika kileleni mwa utagaji anakufa ghafla. Mpasue aliyekufa: figo moja imevimba nyingine imesinyaa, na moyo na ini vimefunikwa na weupe kama vimenyunyiziwa vumbi la chaki. Ukiona hivyo uliza walianza leya lini. Kuna ugonjwa wa mafua ya mapafu unaoweza kuharibu figo pia, na kukosa maji pia kunaleta hali hiyo, ila leya ya mapema ni ya kawaida mno.

Sasa kama hawafi ila wamekaa kimya tu wiki ya 20, ya 22, wapime. Tetea wa mayai ya kahawia akifika wiki ya 18 anatakiwa awe na kilo 1.4 hadi 1.5 hivi, na mpaka hapo awe ameshakula kama kilo 6 za chakula tangu azaliwe. Kama ni kilo moja na robo, groa yako ilikuwa pumba, hapo hakuna njia ya mkato, wape muda na chakula kizuri mpaka uzito ufike. Kama ni mzito na ukimpapasa tumboni ni mafuta, umemlisha mahindi matupu. Kama uzito upo na kilemba chekundu, angalia mwanga: kwetu huku karibu na ikweta mchana ni saa 12 tu na kuku wa kisasa anataka 14 mpaka 16, weka taa asubuhi na jioni, ila usiwashe kabla uzito haujafika maana wataanza kutaga wakiwa wadogo na utaona njia ya yai inatoka nje nyuma.

Mayai yenyewe

Ganda laini, au yai halina ganda kabisa. Kwa waliochanganya wenyewe hesabu ni rahisi: kwenye kilo 100 za chakula cha kutaga inatakiwa chokaa kilo 8 mpaka 10. Watu wanaweka 3. Wengine wanaongeza DCP wakidhani ni kalsiamu, DCP ni ya fosforasi zaidi, na fosforasi ikizidi ganda linazidi kuharibika na hela umetupa. Chokaa iwe ya mifugo, sio ile ya kupaka ukuta, ile inaunguza. Kamulia ndimu juu ya kijiko cha chokaa: ikitoa mapovu kwa nguvu ni sawa, ikikaa kimya umeuziwa kitu kingine. Halafu sehemu kubwa ya ganda inatengenezwa usiku kuku akiwa amelala, kazi yote inachukua kama saa 20, kwa hiyo chokaa ya chenga au maganda ya chaza yaliyopondwa ukiyatoa saa kumi au kumi na moja jioni yanakaa kwenye firigisi na kutoa kalsiamu usiku kucha, wakati ya unga imeshapita.

Kama kalsiamu ipo sawa, angalia joto. Dar mwezi wa Januari na Februari kuku wanahema midomo wazi, wanakula kidogo na ganda linakuwa jembamba hata chakula kikiwa kizuri kabisa. Walishe alfajiri na jioni, maji yabadilishwe mchana. Na kuku wa zaidi ya wiki 60 ganda lake linapungua tu kwa uzee.

Kiini cheupe. Mahindi yetu mengi ni meupe, hayana ile rangi. Lishe ya yai haijapungua kiasi hicho lakini mteja wa chipsi mayai hataki kusikia. Weka mahindi ya njano ukiyapata, au majani: mchicha, mlonge, majani ya mti wa lusina yaliyokauka (lusina usipite kilo 5 kwa 100, ina sumu yake). Ila kama pamoja na kiini cheupe unaona macho yamevimba na ndani kuna kitu cheupe kigumu, hiyo ni vitamini A imeisha mwilini. Usichanganye na mafua, mafua yananuka na yanasambaa banda zima ndani ya siku chache.

Kiini cha kijani kijani au kahawia: mashudu ya pamba, watu wa kanda ya ziwa wanayajua. Yana sumu inayoitwa gosipoli. Tumia ya alizeti.

Mayai yananuka samaki: dagaa wamezidi, hasa kwa kuku wa mayai ya kahawia. Ukipita kilo 10 za dagaa kwenye 100 unatafuta malalamiko.

Mayai yameshuka ghafla, juzi trei saba leo trei nne. Maji kwanza! Kuku akikaa nusu siku bila maji atakulipa kwa wiki nzima. Kuku 100 wanaotaga wanakunywa lita 20 hadi 25, joto likipanda zaidi. Halafu uliza: umebadilisha kampuni ya chakula kwa siku moja? Chumvi ilisahaulika? Wakikosa chumvi kabisa utagaji unaporomoka na wanaanza kunyonyoka manyoya. Kama yote ni hapana na mayai yana umbo la ajabu na kuku wanakoroma, hapo ni ugonjwa.

Na hesabu ya kula usiisahau: kuku anayetaga anakula gramu 110 mpaka 120 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 mfuko wa kilo 50 unakaa siku nne na kidogo. Ukikaa siku sita na unajisifu chakula kinadumu, hawashibi au hawakipendi. Ukikaa siku tatu, kinamwagika au panya wamehamia. Chombo kijazwe theluthi tu na kiwe usawa wa mgongo wa kuku, kumwagika kunapungua palepale.

Kinyesi cha maji

Kama banda limelowa na kuku wanakunywa mfululizo, onja chakula, kweli, weka kidogo ulimini. Chumvi inasikika. Dagaa wa maji chumvi waliokaushwa na chumvi wanabeba chumvi yao, ukiongeza zile gramu 300 juu yake umezidisha. Soya mbichi inaleta hivi pia. Kinyesi chenye damu ni koksi (ugonjwa wa kuhara damu) mpaka ithibitishwe vingine, hapo dawa inahitajika na usicheze na chakula. Stata nyingi za kununua zina dawa ya kuzuia koksi ndani yake, soma mfuko, usiwape wanaotaga, na mabaki usimpe punda wala bata mzinga, baadhi ya dawa hizo zinawaua.

Wanakataa chakula, wanadhoofu, chanjo hazishiki

Fungua mfuko uingize mkono mpaka katikati. Kama ndani kuna joto na mabonge, na harufu ya uvundo, kimeota. Mahindi yaliyooza ambayo binadamu kayakataa ndiyo yanayosagwa kwa kuku, na ndani yake kuna sumukuvu, ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Kuku haonyeshi dalili siku hiyo hiyo: anapungua kula, ini linakuwa la njano na laini, kinga inashuka, unachanja kideri na bado wanakufa kwa kideri unamlaumu mtu wa chanjo. Kuchagua punje mbovu hakutoshi na kukaanga hakuui hiyo sumu. Kitupe, usikichanganye na kizuri ili "kipungue nguvu".

Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na usinunue cha miezi miwili hata kama kuna ofa, vitamini zinapotea.

Kubadilisha sasa

Ukishajua kosa usibadilishe chakula chote asubuhi moja. Siku mbili tatu robo kipya na robo tatu cha zamani, halafu nusu kwa nusu, halafu robo tatu, wiki moja umemaliza. Isipokuwa chenye ukungu au chumvi iliyozidi, hicho unatoa chote saa hiyo hiyo. Ganda la yai utaanza kuona tofauti ndani ya siku chache hadi wiki, rangi ya kiini wiki moja na nusu mpaka mbili, ukuaji wa vifaranga wiki mbili na zaidi, kwa hiyo usibadilishe tena siku ya tatu eti haijafanya kazi.

Isipotulia, mwone daktari wa mifugo au maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania), makao makuu yako Temeke, Dar es Salaam, na wana vituo kwenye kanda. Beba kuku aliyekufa siku hiyo hiyo, asiyekaa juani, pamoja na nusu kilo ya chakula uliyochota katikati ya mfuko sio juu, lebo ya mfuko, na ile karatasi yako ya wiki na tarehe.